Bwawa Lililogeuka Pinki: Kisa cha Salfa na Naitrojeni katika Majitaka ya Kiwanda cha Ngozi, Mwanza

Malalamiko yalianza na harufu, yakafuata ya rangi. Kina mama wanaoanika dagaa mwaloni walisema kwamba usiku, upepo unapogeuka na kuvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, harufu ya mayai viza inawafuata hadi ndani ya chandarua. Wavuvi wakaongeza lao: bwawa la pili la kiwanda cha ngozi kilicho juu ya mwalo huo limegeuka pinki ya kung'aa, na kwa macho yao hiyo ilikuwa rangi ya kiwandani inayomwagwa bila kusafishwa. Kiwanda nacho kilikuwa na kero zake ambazo hakikuzisema hadharani. Swichi na nyaya za shaba katika chumba cha pampu zilikuwa zinageuka nyeusi na kufa moja baada ya nyingine, na zege la chemba ya kwanza lilikuwa limelainika kiasi cha kumenyeka kwa kucha.

Kiwanda sikitaji jina. Itoshe kusema kipo ukingoni mwa Ziwa Victoria, mkoani Mwanza, si mbali na jiji. Kilituita mimi na wenzangu tunaoshughulika na majitaka baada ya kupewa onyo la maandishi. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kero zile nne, ambazo kila mtu aliziona kama mambo manne tofauti, zilikuwa na mzizi mmoja, na kwa sababu dawa yake haikuuzwa dukani. Bakteria waliohitajika walikuwamo tayari ndani ya yale mabwawa. Kilichokosekana ni mpangilio wa kuwakutanisha na chakula chao kwa zamu iliyo sahihi.

Yaliyokuwa yakiingia bwawani

Anayeijua ngozi ikiwa kiatu au mkoba hawezi kukisia imepita katika maji ya namna ngapi. Ngozi mbichi hufika ikiwa imetiwa chumvi, ikalowekwa ili itoe damu, samadi na chumvi hiyo. Kisha huingia kwenye dramu kubwa linalozunguka, lenye chokaa na salfaidi ya sodiamu, manyoya yayeyuke na ngozi ivimbe. Maji yanayotoka hapo ni mazito, meupe, yana pH ya karibu 12 (kipimo ambacho 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali), na yamejaa protini ya manyoya pamoja na salfaidi. Baada ya hapo chokaa lazima iondolewe ndani ya ngozi, na kazi hiyo viwanda vingi huifanya kwa amonia salfeti, ileile ambayo wakulima wa pamba na mpunga wanaijua kama mbolea ya SA. Ndipo ngozi hutiwa asidi ya salfuriki na chumvi, na mwisho kromu, nayo huja katika umbo la salfeti ya kromu. Maji ya hatua hizi mbili za mwisho ni makali, pH yake ni kati ya 3 na 4.

Kwa hiyo salfa inaingia kwa milango minne, si mmoja. Naitrojeni inaingia kwa miwili: protini ya manyoya na ngozi, na amonia ya SA.

Kiwandani hapo maji yote yaliungana kwenye shimo moja. Kutoka shimoni yalikwenda bwawa la kwanza, refu kwenda chini na lisilo na hewa, kisha la pili la kina cha wastani, kisha la tatu la kina kifupi, halafu mfereji uliopita kwenye mafunjo hadi ziwani. Kwa majitaka ya majumbani, katika joto letu, mabwawa matatu ya aina hiyo hufanya kazi nzuri bila umeme wala kemikali.

Lile shimo moja lilitutisha kuliko harufu na rangi. Salfaidi ikiwa kwenye maji ya chokaa, pH 12, hukaa majini. Pale pH inaposhuka hadi 7, nusu yake huwa gesi ya hidrojeni salfaidi, na kwenye pH 4 karibu yote ni gesi. Maana yake, dramu la chokaa na dramu la asidi yakifunguliwa pamoja kuelekea shimo moja, gesi inatoka papo hapo. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatuama chini. Pua huinusa ikiwa kidogo mno, chini ya sehemu moja katika milioni, lakini ikifika karibu sehemu 100 katika milioni pua hufa ganzi na mtu hudhani hewa imesafika. Ikifika mamia kadhaa, anaanguka. Vijana wanaoshuka kuzibua chemba hufa hivyo, na anayeshuka kumwokoa mwenzake humfuata. Jambo hilo halikusubiri vipimo: tulikataza mtu yeyote kushuka shimoni, na bomba la maji ya kromu likatenganishwa kabla ya kazi nyingine yoyote. Kromu yenyewe inaweza kutenganishwa kwa chokaa kwenye tangi lake, ikazama chini kama tope, ikayeyushwa kwa asidi na kutumika tena. Kwenye mabwawa haina kazi isipokuwa kuharibu tope.

Pinki ilikuwa inasaidia

Tone la maji ya bwawa la pili chini ya hadubini lilimaliza ubishi wa rangi. Zilionekana seli zinazoogelea, na ndani yake punje ndogo zinazometameta. Punje hizo ni salfa. Ni bakteria wa zambarau wa salfa, jamii ya Chromatium na Thiocapsa. Wanatumia mwanga wa jua kama mmea, lakini pale mmea unapotumia maji na kutoa oksijeni, wao hutumia hidrojeni salfaidi na kubaki na salfa. Huota pale penye vitu viwili kwa pamoja, mwanga na salfaidi. Wavuvi waliiona dalili sawasawa, ila rangi ile haikuwa ya kiwandani: ilikuwa ya viumbe wanaoila gesi kabla haijafika mwaloni.

Kiwanda kilikuwa kimejaribu kuwaua. Klorini ilimwagwa bwawani, pinki ikafifia, na harufu ikawa kali kuliko mwanzo. Ukiacha kwamba iliwaua walinzi, hesabu yake pekee ingetosha kuizuia: kupeleka kilo moja ya salfa kutoka salfaidi hadi salfeti, yaani salfa iliyoungana na oksijeni, kwa klorini kunahitaji karibu kilo 9 za klorini, na hapo hujahesabu klorini inayonaswa na amonia. Hakuna kiwanda cha ngozi kinachoweza kubeba gharama hiyo, na kama kingeweza, nisingependa maji hayo yaelekee ziwani.

Kulikuwa pia na maboksi ya bakteria wa unga stoo, yaliyouzwa kwa ahadi kubwa na mtu aliyepita. Nina neno kali kuhusu biashara hiyo, kwa sababu inachukua fedha za watu wanaotaka kufanya jambo jema. Bakteria wanaokula salfaidi waligunduliwa wakiwa wanaishi wenyewe kwenye maji na tope. Sergei Winogradsky aliwachunguza miaka ya 1880 huko Strasbourg, na ndiye aliyeonyesha kwamba kiumbe anaweza kuishi kwa nishati ya salfaidi bila kula chakula cha kawaida. Martinus Beijerinck, huko Delft, Uholanzi, aliwatenga bakteria wanaopumua salfeti badala ya oksijeni mwaka 1895, na mwaka 1904 akawaeleza wale ambao leo wanaitwa Thiobacillus denitrificans, wanaokula salfa huku wakipumua naitreti, yaani naitrojeni iliyoungana na oksijeni. Viumbe wote hawa wamo kwenye tope la mwalo wowote wa Ziwa Victoria. Kama hawaoti mahali fulani, ni kwa sababu mahali hapo pana kitu kinachowazuia, na kukiacha kitu hicho na kuongeza bakteria wa unga ni kupeleka wengine kufa.

Vipimo vilivyompinga meneja

Meneja alikuwa mtu mwangalifu, na swali lake lilikuwa la haki. "Injinia," aliniambia, "dawa ya manyoya tumeipunguza sana. Harufu imezidi. Hawa majirani hawana jambo lao jingine?"

Tulipima maji yanayoingia bwawa la kwanza na yanayotoka. Salfeti iliingia nyingi, ikatoka kidogo. Salfaidi ilitoka nyingi kuliko iliyoingia. Jibu lilikuwa hapo. Ndani ya bwawa lisilo na hewa, bakteria aina ya Desulfovibrio na ndugu zake huitumia salfeti badala ya oksijeni: huunguza mabaki ya protini na mafuta, na mwisho wa pumzi yao ni salfaidi. Kila kilo ya salfa inayoingia ikiwa salfeti inaweza kutoka ikiwa kilo ya salfa katika salfaidi. Meneja alikuwa amepunguza mlango mmoja, lakini uzalishaji ulikuwa umeongezeka, na mbolea ya SA, asidi na chumvi za kromu ziliongezeka nao. Bwawa la kwanza lilikuwa linatengeneza salfaidi mpya usiku na mchana.

Zege nalo lilijieleza. Gesi inapopanda juu ya usawa wa maji na kukutana na unyevu kwenye kuta za chemba, bakteria wengine wa salfa wenye hewa ya kutosha huigeuza kuwa asidi ya salfuriki, na asidi hiyo hula saruji. Zege huliwa juu ya maji, si chini yake, na ndivyo chemba ile ilivyokuwa. Gesi hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikiigeuza nyeusi shaba ya chumba cha pampu.

Upande wa naitrojeni ulikuwa wa kusikitisha zaidi kwa sababu hakuna aliyeulalamikia. Naitrojeni iliyoingia ilitoka karibu yote. Ilibadili umbo tu, kutoka protini kuwa amonia. Bwawa la tatu, ambalo lilijengwa ili amonia igeuzwe kuwa naitreti, halikuwa na naitreti hata chembe. Bakteria wa kazi hiyo, Nitrosomonas na Nitrospira, hukua polepole na hawavumilii salfaidi hata ikiwa kidogo. Isitoshe salfaidi huinyakua oksijeni kabla yao. Na oksijeni yenyewe kwetu ni pungufu kuliko vitabu vingi vinavyodhani: Mwanza ipo kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, na maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa hapa yana takriban miligramu 7.2 za oksijeni kwa lita, wakati Dar es Salaam yangekuwa na zaidi ya 8. Anayenunua mashine ya hewa kwa vipimo vya usawa wa bahari ananunua ndogo.

Kwa nini tuisumbukie naitrojeni

Mwenzetu mmoja alitoa hoja ambayo nimeisikia mara nyingi, na si hoja dhaifu. Ziwa Victoria lina mwani wa kijani-bluu, na baadhi yake hunasa naitrojeni moja kwa moja kutoka hewani. Ukiondoa naitrojeni kwenye majitaka, mwani huo utaichukua angani. Kinachoulisha kweli ni fosforasi, na majitaka ya ngozi yana fosforasi kidogo. Basi kwa nini kiwanda kibebe gharama?

Kwa ziwa zima, lenye karibu kilomita za mraba 68,800, hoja ina uzito. Kwa ghuba haina. Amonia ikiwa majini ipo katika hali mbili: moja haina madhara makubwa kwa samaki, nyingine, amonia huru, inawaua. Kinachoamua ni pH na joto. Katika maji ya nyuzi 25 yenye pH 8, amonia huru ni karibu sehemu 5 kati ya 100. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Sasa tazama ghuba ndogo yenye mwani siku ya jua: mwani unapovuta kaboni dayoksaidi mchana kutwa, pH hupanda hadi 9 na kuzidi. Maji yaleyale ya kiwanda ambayo asubuhi sato mchanga angeyavumilia, saa tisa alasiri yanamuua. Mkaguzi anayechukua sampuli asubuhi na kurudi ofisini hatalijua hilo.

Kuna na oksijeni. Kilo moja ya naitrojeni ya amonia, ikigeuzwa kuwa naitreti ndani ya ziwa, hula kilo 4.57 za oksijeni, na oksijeni hiyo inatolewa kwenye mazalia ya samaki pale pembeni penye mafunjo. Na ziwa hili halijisafishi haraka. Sehemu kubwa ya maji yake huingia kwa mvua na kuondoka kwa jua, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile kule Jinja. Tunachokimwaga Mwanza kinakaa nasi.

Kukutanisha taka mbili

Njia ya kawaida ingekuwa kuishughulikia kila taka peke yake: hewa nyingi ya kuunguza salfaidi, hewa nyingine ya kugeuza amonia kuwa naitreti, halafu chanzo cha kaboni cha kununua, kama methano au molasi, ili bakteria waigeuze naitreti kuwa gesi ya naitrojeni. Bili tatu.

Lakini wale bakteria wa Beijerinck huunganisha hesabu. Wanachukua salfaidi kama chakula na naitreti kama pumzi. Salfaidi inaondoka, naitreti inakuwa gesi ya naitrojeni, ileile inayojaza sehemu 78 kati ya 100 za hewa tunayovuta, na hakuna molasi ya kununua. Uwiano wake unajulikana vizuri: kilo moja ya naitrojeni katika naitreti inatosha kupeleka kilo 1.43 za salfa hadi salfeti. Kazi hiyo kwa hewa ingetaka kilo 2.86 za oksijeni. Kumbuka kutengeneza ile naitreti kulitugharimu oksijeni 4.57. Zaidi ya nusu ya hewa tuliyoilipia inafanya kazi mara ya pili.

Wazo hili limekwisha fanyiwa kazi kubwa Hong Kong, ambako tangu miaka ya 1950 vyoo vingi husafishwa kwa maji ya bahari, na maji ya bahari yana salfeti tele. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Hong Kong, pamoja na wenzao wa Delft, waliigeuza salfeti hiyo kuwa kifaa: kwanza ipunguzwe kuwa salfaidi huku ikiunguza uchafu, kisha salfaidi iondoe naitreti, na mwisho amonia igeuzwe naitreti na kurudishwa nyuma. Faida nyingine waliyoipata ni tope kidogo, kwa sababu bakteria wa salfa hawanenepi. Sisi salfeti yetu haikutoka baharini, ilitoka kwenye gunia la SA, lakini bakteria hawaulizi ilikotoka.

Ugumu upo kwenye zamu. Naitreti inatengenezwa mwisho, baada ya salfaidi kwisha, na inahitajika mwanzo, pale salfaidi ilipo. Kwa hiyo maji lazima yarudi nyuma.

Bwawa la kwanza tuliliacha na kazi yake. Bwawa la pili tulilikata kwa kuta, sehemu ya kwanza ikawa ya makutano: maji yenye salfaidi na amonia kutoka bwawa la kwanza yanakutana hapo na maji yenye naitreti yanayorudi. Hewa haitakiwi. Kutoka hapo maji husukumwa na pampu moja hadi juu ya kichujio cha mawe. Mawe Mwanza hatuyatafuti. Wapasua mawe wa milimani walituletea ya ukubwa wa ngumi. Maji hunyunyizwa juu, hushuka taratibu juu ya mawe, na hewa hupanda yenyewe kutoka chini. Kwenye utelezi unaoota juu ya mawe ndipo Nitrosomonas na Nitrospira wanapoishi. Chini ya kichujio maji hugawanyika: sehemu kubwa hurudi kwenye makutano kwa mteremko bila pampu ya pili, iliyobaki huendelea bwawa la tatu. Ukirudisha mara tatu ya maji unayoyaachia, hata kila kitu kikienda sawa, unaweza kuondoa robo tatu ya naitreti, si zaidi. Wenye kiwanda wanaoahidiwa asilimia 99 kwa kuzungusha kidogo waulize inawezekanaje.

Tulibadili jambo jingine dogo ambalo lilileta faida kubwa. Kiwanda kilikuwa kinatia asidi kwenye maji ya chokaa ili kushusha pH kabla ya bwawa. Lakini kugeuza kilo moja ya naitrojeni ya amonia kuwa naitreti hula zaidi ya kilo 7 za alkali, ikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti. Alkali ikiisha, pH inaanguka na bakteria wanasimama. Kiwanda kilikuwa kinanunua asidi ili kuharibu kitu ambacho kingelazimika kukinunua tena. Tuliweka tangi la kusawazisha, manyoya yakachujwa, na maji ya chokaa yakaachiwa kidogo kidogo mchana na usiku. Bwawa likatulia kwenye pH inayokaribia 8, ambako sehemu ndogo tu ya salfaidi, karibu moja ya kumi, ndiyo iliyo gesi. Harufu ilianza kupungua hapo, kabla ya kichujio kukamilika.

Liliibuka pia pendekezo la kutumia bakteria wa anamoksi, waliogunduliwa Uholanzi miaka ya 1990 na kupewa mtambo wao wa kwanza mkubwa Rotterdam mwaka 2002. Hugeuza amonia kuwa gesi kwa njia fupi na hupenda joto. Lakini kukua kwao ni kwa taratibu mno, salfaidi huwasumbua, na usimamizi wake unataka maabara ya kila siku. Kiwanda kile hakikuwa nayo.

Kusoma maji kwa macho na karatasi

Mtu aliyeuendesha mfumo huu vizuri kuliko sote alikuwa mzee wa zamu ya usiku, ambaye hakuwa amesoma kemia. Tulimpa karatasi za asetati ya risasi, ambazo huwa nyeusi zikikutana na salfaidi, na vijiti vya kupima naitreti. Akaongeza macho yake. Maji meusi kwenye makutano: salfaidi ipo na chuma kimeifunga. Maji meupe kama yaliyomwagiwa maziwa: naitreti haitoshi, bakteria wameishia njiani na kuacha salfa tupu ikielea. Maji yaliyoanza kung'aa, kijiti cha naitreti kikionyesha rangi kidogo na karatasi haibadiliki: kazi imekamilika.

Ile hali ya maziwa ilituletea mjadala mrefu. Kama naitreti ni chache, kilo moja ya naitrojeni inaweza kushughulikia hadi kilo 5.7 za salfa, kwa sababu salfaidi haifiki salfeti bali inaishia salfa tupu, ambayo inaweza kukusanywa kama tope na kutolewa kabisa majini. Kwa ziwa hilo ni bora. Lakini kuendesha hivyo ni kutembea ukingoni: naitreti ikipungua kidogo zaidi, salfaidi inavuka hadi kwenye kichujio. Tulichagua usalama wa kichujio, naitreti ibaki kidogo kila wakati, na tukakubali kwamba salfa nyingi itatoka kama salfeti.

Tulijua sababu ya kuchagua hivyo kwa njia ya maumivu. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukakaa hadi kesho yake. Pampu ilisimama, maji yenye naitreti hayakurudi, na makutano yakajaa salfaidi. Umeme uliporudi, pampu iliwaka yenyewe na kuimwaga salfaidi yote hiyo juu ya mawe. Harufu ilirudi usiku uleule. Ikaondoka upesi, kwa sababu bakteria wa salfa hukua haraka. Amonia haikuondoka. Ilichukua wiki kadhaa mpaka naitreti ionekane tena chini ya kichujio, na muda wote huo ghuba ilipokea amonia kama zamani.

Baada ya hapo pampu haiwaki yenyewe. Mzee hupima kwanza makutano. Karatasi ikiwa nyeusi, anatia mbolea ya kalsiamu naitreti iliyoyeyushwa, ambayo huwapa bakteria pumzi ya kumaliza salfaidi, kisha ndipo anawasha. Hapa lazima niseme wazi, kwa sababu mwenye duka la pembejeo atakupa kilichopo: CAN, yaani mbolea ya kalsiamu amonia naitreti, haifai. Nusu ya naitrojeni yake ni amonia, yaani unaongeza taka unayoiondoa.

Salfeti iliyobaki

Pinki ilitoweka bwawa la pili, kwa kuwa chakula chake kiliisha. Kina mama wa dagaa hawalalamiki tena usiku. Naitreti inaonekana chini ya kichujio, na amonia kwenye mfereji imeshuka kiasi kwamba kiwanda kinaweza kuomba upya kibali chake cha kumwaga majitaka kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009.

Salfeti haijaondoka, na sitaki mtu asome kisa hiki akadhani imeondoka. Imebadilishwa kutoka sumu inayonuka kuwa chumvi isiyonuka, na inapita kwenye mfereji. Maji ya Ziwa Victoria kwa asili yana salfeti kidogo sana. Tope chini ya mafunjo halina hewa na limejaa mabaki ya majani, yaani lina kila kitu ambacho Desulfovibrio anakitaka isipokuwa salfeti, na sisi tunampelekea. Kazi iliyofanyika bwawani inaweza kutenguliwa pale pale kwenye mafunjo, polepole, mahali ambapo hakuna anayepima.

Kuzungusha maji zaidi hakutatatua hilo. Salfeti lazima ipunguzwe kwenye dramu. Maji ya asidi na kromu yanaweza kutumika zaidi ya mara moja. Na SA inaweza kuachwa: chokaa hutoka kwenye ngozi kwa kaboni dayoksaidi pia, gesi ya kwenye mitungi, njia ambayo viwanda vya ngozi kwingineko vimeitumia kwa miaka mingi. Inaondoa salfeti na amonia kwa pamoja. Ngozi nene huchukua muda mrefu zaidi, na mitungi ina gharama yake. Tumemwekea meneja hesabu mezani: bei ya gesi upande mmoja, na upande wa pili bei ya SA, umeme wa pampu na kalsiamu naitreti. Ameagiza jaribio kwenye dramu moja. Sisi tumeomba sehemu mbili za kupimia salfaidi ziwekwe ndani ya mafunjo, moja karibu na mfereji na nyingine mbali nao, kabla jaribio hilo halijaanza, ili tofauti ikitokea ionekane.